Chupa zile zile 800, faida tatu



Kila muhula, matokeo ya majaribio yakishabandikwa, kuna ndugu wa mwaka wa pili anayekuja kwenye darasa letu la uhasibu baada ya Isha akiwa amekunja karatasi yake mara nne. Maneno huwa hayo hayo: "Nilipitia mitihani ya miaka mitano pamoja na majibu yake, na yote niliyaelewa. Sasa hii 38 imetoka wapi?"

Hasemi uongo, kweli aliyaelewa. Ila kuelewa jibu lililokwisha andikwa ni kama kukaa jikoni ukimtazama mama akisukuma chapati. Unaona kila hatua, na hakuna hata moja inayokushinda, mpaka siku unapoachiwa unga na maji peke yako. Swali la mtihani halikuambii uanzie wapi. Jibu lililochapwa limekwisha kuamua hayo kwa niaba yako, na uamuzi huo ndio unaotahiniwa.

Kwa hiyo katika darasa letu sharti la kwanza ni karatasi tupu. Majibu yanafungwa kwenye begi. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa dakika 1 na sekunde 48 kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 36 tu. Weka simu ihesabu dakika hizo kisha igeuze kifudifudi. Zikiisha, acha, hata kama urari haujakubali.

Sharti la pili ndilo ninalotaka tulifanyie kazi leo: fanya swali moja kwa njia mbili, kisha ueleze kila shilingi ya tofauti imekwenda wapi. Swali moja lililofanywa hivyo nalithamini kuliko maswali kumi ya kunakili. Chukua kalamu.

Mwanafunzi anatengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa chupa, shilingi 5,000 za Uganda kila moja. Malighafi ya chupa moja ni 1,900, na vijana wanaochanganya na kujaza wanalipwa 700 kwa kila chupa. Kodi ya chumba, mlinzi na kukodi mashine ni 1,200,000 kwa mwezi, utengeneze usitengeneze. Kila chupa inayouzwa ina gharama ya kuifikisha dukani ya 200. Usimamizi ni 500,000 kwa mwezi. Uzalishaji wa kawaida ni chupa 1,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza alitengeneza 1,000 na kuuza 800. Kila kitu ni taslimu, hakuna deni.

Njia ya kwanza inabebesha kila chupa sehemu yake ya gharama za kudumu za kiwanda. 1,200,000 gawanya kwa 1,000 ni 1,200, kwa hiyo chupa moja imegharimu 1,900 na 700 na 1,200, yaani 3,800. Mauzo ni 4,000,000. Toa gharama ya chupa 800, ambayo ni 3,040,000, na faida ghafi ni 960,000. Toa usafirishaji 160,000 na usimamizi 500,000. Faida ni 300,000.

Njia ya pili inahesabu gharama zinazobadilika peke yake, na gharama za kudumu zote zinatolewa mwezi huo huo. Kila chupa iliyouzwa inachangia 5,000 toa 2,600 toa 200, yaani 2,200. Mara 800 ni 1,760,000. Toa gharama za kudumu 1,700,000. Faida ni 60,000.

Hapa ndipo wengi huandika "tofauti 240,000" na kufungua ukurasa mwingine. Usifungue. 240,000 ziko stoo. Kuna chupa 200 ambazo hazijauzwa, na kila moja imebeba 1,200 za kodi na mlinzi, kwa hiyo 200 mara 1,200. Njia ya kwanza imezihesabu kama mali itakayotoka mwezi ujao. Njia ya pili inasema mlinzi wa mwezi huu amekwisha lipwa, hayumo ndani ya chupa. Ukiweza kusema hivyo kwa maneno yako, umekwisha maliza nusu ya mada ambayo watu huikariri bila kuielewa.

Sasa tubadili kitu kimoja. Soko ni lile lile, zimeuzwa 800, lakini kijana ametengeneza 1,200. Kwa njia ya kwanza, chupa zimebebeshwa 1,440,000 za gharama za kudumu wakati zilizolipwa ni 1,200,000. Ziada ya 240,000 inarudishwa kwenye faida, na faida inafika 540,000. Akitengeneza 800 tu, upungufu wa 240,000 unatolewa, na faida ni 60,000. Njia ya pili haitikisiki: ni 60,000 mara zote tatu.

Ni chupa zile zile 800 na wateja wale wale, na faida ni 60,000, au 300,000, au 540,000, kutegemea rundo lililobaki stoo. Halafu angalia sanduku la fedha. Aliyetengeneza 800 ameongeza taslimu 60,000. Aliyetengeneza 1,000 amepunguza 460,000. Aliyetengeneza 1,200, yule mwenye "faida" kubwa kuliko wote, sanduku lake limepungua 980,000. Hesabu mwenyewe usiniamini: ameingiza 4,000,000, ametoa 3,120,000 za malighafi na vijana, 1,200,000 za kudumu za kiwanda, 160,000 na 500,000.

Wanaosoma uhasibu wa fedha wasikae pembeni wakidhani hili ni la wenzao wa uhasibu wa gharama. Kiwango cha kimataifa cha IAS 2 kinachohusu bidhaa zilizobaki kinataka gharama za kudumu za uzalishaji zigawanywe kwa uzalishaji wa kawaida, na zisizogawiwa zitolewe mwezi ule ule. Lakini uzalishaji ukipanda kupita kawaida, kiasi cha kila chupa lazima kishushwe, bidhaa zisije zikathaminiwa juu ya gharama yake. Kwetu, 1,200,000 gawanya kwa 1,200 ni 1,000 kwa chupa. Basi stoo inabeba 400 mara 1,000, na faida ya 540,000 inashuka hadi 460,000. Mtahini wa uhasibu wa fedha anaitaka hiyo ya 460,000. Wa uhasibu wa gharama, akikupa kiwango cha 1,200 na kukuambia ukitumie, anataka 540,000. Soma swali linasema nini kabla ya kuandika; wengine wamepoteza alama 6 hapo wakiwa na hesabu safi kabisa.

Na sasa swali ambalo halimo kwenye vitabu vyetu vya kozi. Tuseme mtaji wa sabuni, 3,000,000, ni wa Hajjat mmoja mtaani, ametoa kwa mudharaba: kazi ni ya kijana, mtaji ni wa Hajjat, faida nusu kwa nusu. Mwisho wa mwezi kijana anakuja na karatasi yenye 540,000, anachukua 270,000 zake. Karatasi haina kosa la kujumlisha, lakini fedha aliyochukua imetoka wapi? Sandukuni zilibaki 2,020,000. Akichukua fungu lake zinabaki 1,750,000 na chupa 400 ambazo hakuna aliyeziagiza. Zikikosa soko, hasara ya mtaji katika mudharaba inambebea mwenye mtaji, isipokuwa mfanyakazi awe amezembea au amevunja sharti. Ndiyo maana mafakihi wanasema faida haithibiti mpaka mtaji uwe umesalimika, na kinachogawanywa kabla ya hapo ni kama malipo ya awali yanayoweza kurudishwa kufidia hasara.

Kijana huyo huenda hakukusudia dhuluma. Huenda alikariri njia moja tu. Kwa mtazamo wangu hilo halimpunguzii sana, kwa sababu Hajjat hasomi taarifa za hesabu, anamsoma yeye. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kuhusu kuandika madeni na mwandishi anayeandika kwa uadilifu. Sisi ndio tunaosomea uandishi huo. Na kazi inakuja: sheria ya mabenki ya Uganda ilirekebishwa 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na leseni ya kwanza ilitolewa 2023. Mikataba ya kugawana faida itahitaji watu wanaojua faida ni nini.

(Kwa anayeuliza zaka: chupa zilizobaki ni bidhaa za biashara, na kwa kauli ya wanachuoni wengi zinathaminiwa kwa bei ya soko ya siku zaka inapowajibika. Kwa hiyo si 2,600 wala 3,800. Hilo tutaliandikia makala yake, inshaallah.)

Sasa zamu yako, dakika 36. Rudi kwenye mwezi wa kwanza wa kawaida, uliotengenezwa 1,000 na kuuzwa 800. Mwezi wa pili una chupa 200 za kuanzia, zimetengenezwa 800 na kuuzwa 1,000, bei na gharama ni zile zile. Tafuta faida kwa njia zote mbili. Ukipata 260,000 kwa ya kwanza na 500,000 kwa ya pili uko sawa. Jumlisha miezi miwili kwa kila njia na utapata 560,000 pande zote, kwa kuwa stoo imebaki tupu na hakuna pa kuficha mlinzi wa mtu. Usipofika hapo, kagua kwanza kama umekumbuka upungufu wa 240,000. Karibu kila mtu huusahau, nami niliusahau katika mtihani wangu.

Kisha badilisha jambo moja. Chupa 50 katika zile 200 zilivuja stoo zikamwagwa, kwa hiyo ziliuzwa 950 tu. Njia ya kwanza itakupa 20,000, ya pili 260,000. Tofauti imebaki 240,000 vile vile. Andika kwa sentensi moja, bila kutumia namba yoyote, kwa nini haikubadilika, na uje nayo Jumatano baada ya Isha.