Mche wa nyanya mfupi ndio unaofika salama

Wengi mnaniuliza nafanyaje miche yangu ya nyanya itoke Korogwe, ipande basi kilomita kama 65 mpaka Handeni, na ifike imesimama. Siri haiko kwenye boksi, iko kwenye mche wenyewe. Mche mrefu mwembamba hata uufunge vipi utavunjika shingo, na mteja alishatuma hela. Hapo ni kurudisha hela au kutuma mingine bure, na nauli ya mzigo inakuwa juu yako.

Mbegu kwanza. Roma VF na Cal J ni aina fupi, zikifika kimo chake zinaacha kurefuka. Money Maker inapanda tu, inataka mti na kamba. Anayetaka kuweka kwenye ndoo barazani muuzie fupi, na kwenye tangazo andika jina la mbegu, usiandike "nyanya" tu.

Ila hata Roma ikikosa mwanga inakimbia juu. Jua la Korogwe ni kali, kwa hiyo mtu anaficha miche chini ya mwembe akidhani anaisaidia. Kumbe mche wa kivulini unatafuta mwanga, shina linarefuka na kubaki jembamba. Ikibanana ni hivyo hivyo. Ikiota tu, ipe jua, mchana mkali weka neti nyepesi. Ikitoa majani mawili ya kweli, kila mmoja kwenye kikopo chake, majani yasigusane. Mwagilia udongo wa juu ukianza kukauka. Urea achana nayo hatua hii, inaleta majani mengi na shina laini.

Halafu kuna hili ambalo majirani wananicheka. Asubuhi na jioni, majani yakiwa makavu, napitisha kiganja juu ya miche taratibu, kama mara kumi. Mche unaotikiswa kila siku unakua kama ulio kwenye upepo: shina nene, kimo kifupi. Si uchawi, wataalamu wa mimea wanalijua. Miche ikiwa na ugonjwa usifanye, utausambaza. Na mvuta sigara anawe kwa sabuni kwanza, tumbaku inaweza kubeba kirusi kinachoshambulia nyanya.

Usikate kichwa cha aina fupi ili ionekane ndogo, unapunguza mavuno ya mteja. Wala usimuuzie mche uliozeeka kwenye kikopo. Ni mfupi kweli, lakini umedumaa. Mimi nauza wiki ya nne hadi ya sita, kimo cha kalamu hivi, na kalamu naiweka pembeni nikipiga picha ili mteja aone kimo halisi.

Maji namwagilia jioni ya kuamkia safari, maana kopo likiwa chapachapa udongo unamwagika njiani. Boksi natoboa matundu, naandika JUU kwa maka peni, namtumia mteja namba ya basi. Akipokea, aiweke kivulini mpaka jioni ndipo apande.