Kununua gari yadi: "bei ya mwisho" si swali la kwanza

Ingia yadi yoyote ya magari Dar es Salaam, iwe Kinondoni, Mwenge au kando ya Barabara ya Bagamoyo, usimame dakika chache karibu na wateja. Sentensi utakayoisikia kuliko zote ni hii: "Bosi, bei ya mwisho shilingi ngapi?" Muuzaji atajikuna kichwa, atalitazama gari kwa huzuni, kisha atapunguza laki tano. Mteja anafurahi. Hajui kwamba ile laki tano iliongezwa mapema kwa ajili ya swali hilo hilo.

Muuzaji wa yadi anafanya kazi hiyo kila siku. Wewe unanunua gari pengine mara mbili au tatu maishani. Kwa maneno matupu humuwezi. Unachoweza ni kufika ukiwa na hesabu ambazo atashindwa kuzikana, na hesabu hizo huandaliwa nyumbani, kabla hujaulizwa una bajeti gani.

Hesabu ya kwanza ni gharama ya kulifikisha gari hapa nchini. Magari mengi ya yadi zetu ni yaliyotumika Japani, na bei zake si siri. Makampuni yanayouza magari hayo mtandaoni, kama BE FORWARD na SBT, yanaonyesha bei ya gari pamoja na usafiri wa meli na bima mpaka bandari ya Dar es Salaam. Tafuta gari la aina ile ile, mwaka ule ule na injini ile ile, kisha ubadilishe dola kuwa shilingi. Upande wa kodi, TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Unajaza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta na ujazo wa injini, nacho kinakupa jumla. Humo ndani mna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na tozo nyingine ndogondogo. Gari lililofikisha miaka 8 tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likifikisha 10 ushuru huo unapanda tena. Ndiyo maana gari ambalo Japani linauzwa kwa bei ya kutupa, hapa linageuka mamilioni.

Jumlisha bei ya kufika bandarini, kodi, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Hapo umepata mahali muuzaji alipoanzia. Juu yake mwekee faida, maana analipa pango, anamlipa mlinzi, na mtaji wake umelala pale juani. Faida ni haki yake. Ila sasa unajua inaanzia wapi, na akikuambia "hapa sipati kitu kabisa" unaweza kupima mwenyewe.

Hesabu ya pili ni bei ya soko. Pita yadi tatu nne, soma na matangazo ya watu binafsi, uandike bei za magari yanayofanana kweli. Na hapa Dar kufanana kuna mtego wa namba. Utasikia "hii namba E", kana kwamba herufi ndiyo inayoendesha gari. Herufi hiyo ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao inaonyesha tu gari lilisajiliwa lini nchini. Toyota IST ya mwaka 2005 inaweza kuwa na namba E kwa sababu imeingia juzi, na pacha wake wa kiwandani akawa na namba C. Tofauti yao ni muda waliokaa kwenye barabara zetu, jambo ambalo lina thamani yake, lakini umri ni ule ule. Mwaka wa kutengenezwa uusome kwenye kadi ya gari. Usiutafute kwenye kibao.

Kilomita nazo zisikubembeleze. Namba iliyo kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, na mafundi wa kazi hiyo wapo. Mwombe muuzaji cheti cha Japani cha kulifuta gari kwenye usajili wa kule kwa ajili ya kusafirishwa nje. Mara nyingi huwa kimeandikwa kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa. Kisha fungua mlango wa dereva uchungulie kwenye fremu, au chini ya boneti. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika ndogo kila zinapobadilisha oili, zikiandika tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao ya enzi za wafalme: Heisei 28 ni 2016, Reiwa 3 ni 2021. Ukikuta stika ya Heisei 28 yenye kilomita 118,000 huku dashibodi ya leo inasoma 86,000, huhitaji kugombana na mtu. Piga picha, mwonyeshe muuzaji, unyamaze.

Kama gari lilipitia mnada, iombe na karatasi ya mnada. Ina mchoro wa bodi uliojaa herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R au RA maana yake gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji mwenye karatasi hiyo na anayeitoa bila kinyongo, mpe alama.

Hesabu ya tatu ni ya matengenezo, na hii inataka fundi. Awe fundi wako, si yule "anayepatikana hapa hapa". Kubaliana naye ujira kabla hamjatoka, naye ajue atalipwa mkinunua na msiponunua. Fundi anayesubiri chochote kutoka kwa muuzaji ataliona kila gari zima.

Mpigie muuzaji simu, mwambie asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Injini iliyopashwa moto mapema huficha moshi wa asubuhi, mlio wa kuwaka kwa shida na betri iliyochoka. Fungua kifuniko cha oili; utando wa rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye oili. Hamisha gia kutoka P kwenda D ukikanyaga breki, usikilize kama giaboksi inachelewa au inapiga. Fundi achomeke mashine ya kusoma makosa hata kama taa ya injini haiwaki, kwa sababu taa huweza kuzimwa. Litoe barabarani, ulipitishe kwenye matuta taratibu na redio imezimwa: bushi na shokapu zilizokwisha zitasikika. Tairi zina tarehe ubavuni, tarakimu nne ndani ya duara refu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata ndefu kwenye tairi ya zamani isikudanganye, mpira umeshakauka.

Kuna vitu ambavyo havina punguzo. Chasisi iliyokatwa na kuungwa, namba ya chasisi isiyolingana na kadi, giaboksi inayoteleza, injini inayochanganya maji na oili: hapo mshukuru muuzaji uende zako. Watu wengi wameuziwa tatizo la milioni nne kwa punguzo la milioni moja, wakarudi nyumbani wakijisifu.

Sasa mazungumzo yenyewe. Chukulia ni IST, muuzaji anataka milioni 15.5. Yadi nyingine umeziona za mwaka ule ule kwa milioni 14.2 mpaka 14.8. Fundi amekuta tairi nne zimekwisha umri, shokapu za mbele zinavuja, betri imechoka. Umepiga simu maduka ya vipuri ya Ilala ukapata tairi nne 560,000, shokapu na ufundi 300,000, betri 180,000. Jumla 1,040,000.

"Kaka, gari nimelipenda," unaanza, maana hakuna faida kulitukana gari la mtu. "Ila mwenzako wa pale Mwenge ana kama hili kwa 14.5. Hili linanidai milioni moja na arobaini elfu kabla sijaliendesha, hesabu hii hapa. Mimi natoa 13.2."

"Aa, bosi, hapo umeniua! Gari hii mwenyewe anataka 15."

"Mwenyewe akiwepo tuongee naye. Kama hayupo, mpigie umsomee hii karatasi."

Umetaja namba moja yenye sababu, ukakaa kimya. Usijijibu mwenyewe kwa kuongeza. Hukusema una shilingi ngapi mfukoni, na usiseme, hata akikuuliza kwa upole kiasi gani. Akishuka milioni moja, wewe panda laki mbili, na kila unapopanda omba kitu: alipie gharama za kuhamisha umiliki, aweke betri mpya, aongeze mafuta ya kufikia gereji. Mkikutana kwenye milioni 13.9 pamoja na betri na uhamisho, ni bei ya haki kwenu wote. Asipokubali, mwachie namba yako ya simu na uondoke kweli. Wengi hupiga kesho yake.

Kuhusu dalali, ujue tu anakula wapi. Muuzaji akitaka 14, dalali anaweza kukutajia 15 akabaki na cha juu. Njia nyepesi ni kumwambia mapema kwamba utamlipa kiasi fulani bei ikishakubaliwa mbele ya mwenye gari. Dalali mzuri atakubali. Anayehangaika usikutane na mwenye gari ana sababu.

Kuna yadi zinazokopesha. Hapo mchezo hubadilika: muuzaji ataacha kutaja bei, ataanza kutaja rejesho. "Unaanza na milioni 8, kisha laki tisa kwa mwezi, mwaka mmoja tu." Piga hesabu hapo hapo: laki tisa mara 12 ni milioni 10.8, ongeza 8, gari la milioni 15.5 limekuwa la 18.8. Huenda bado ukaona inakufaa, lakini jadili ile 18.8, na uliza kadi itakaa kwa nani na nini kitatokea ukichelewa mwezi mmoja. Na kama unatoa gari lako la zamani kisha unatopu, malizeni kwanza bei ya lile unalonunua. Ukichanganya mazungumzo mawili, punguzo unalopewa mkono huu litachukuliwa kwa mkono mwingine.

Mkishakubaliana, usitoe hata shilingi ya kishikilia bila kuona makaratasi. Gari lenye namba liwe na kadi halisi, na jina lililo kwenye kadi liwe la anayekuuzia au la mtu aliyempa mamlaka ya maandishi. Lisilo na namba liwe na nyaraka za forodha, na uulize waziwazi kama bei uliyopewa ni pamoja na usajili. Angalia pia deni la faini kwenye mfumo wa Polisi wa usalama barabarani kwa kutumia namba ya gari, maana faini huifuata namba hata gari likibadili mmiliki. Fedha ipite benki, kwenye akaunti yenye jina la kampuni au la mwenye gari, mkataba usainiwe mbele ya wakili, na yadi ikupe risiti ya EFD. Kisha mwende TRA kuhamisha umiliki mkiwa na TIN zenu, msiahirishe mpaka "wiki ijayo".

Baadhi ya wauzaji watakuomba mkataba uandikwe milioni 8 wakati umelipa 13.9, ili kodi ya mauzo ipungue. Kataa. Likitokea dai kwamba gari lile lilikuwa na mgogoro na unatakiwa urudishiwe fedha zako, karatasi yenye sahihi yako mwenyewe itakuwa inasema ulitoa milioni 8.