Mighani katika Picha na Simulizi: Omphale na Araweelo

Utangulizi

Mighani aghalabu huchambuliwa kwa kuzingatia maneno ya msimulizi. Hata hivyo, mighani huchorwa pia. Makala haya yanawalinganisha malkia wawili, Omphale wa Wayunani na Araweelo wa Wasomali, ili kuonyesha kwamba hukumu juu ya mhusika hutegemea tukio linalotangulizwa na msanii.

Omphale katika rangi

Shujaa Hercules aliuzwa utumwani kwa Omphale, malkia wa Lydia, kuwa adhabu ya kuua. Huko alisokota nyuzi, naye malkia akavaa ngozi ya simba ya shujaa na kushika rungu lake. François Lemoyne aliuchora mgeuko huo mwaka 1724. Mwanafunzi wake, François Boucher, bingwa wa mtindo wa Rokoko nchini Ufaransa, alikirejelea kisa hicho katika miaka ya 1730 kwa rangi ya mafuta. Picha yake imehifadhiwa katika Makumbusho ya Pushkin, Moscow. Boucher hakuchora utumwa, bali wapenzi waliokumbatiana. Ngozi ya simba na kijiti cha kusokotea vimeachiwa vitoto wavichezee. Suala zito la mamlaka limegeuzwa mzaha wa faraghani.

Araweelo katika simulizi

Mwanafunzi atokaye Hadado, Wajir, ana mfano wa karibu zaidi. Yasimuliwa kwamba Araweelo aliwahasi wanaume, akasumbuliwa na hekima ya Oday Biiqe, mzee aliyeikwepa adhabu hiyo, na hatimaye akauawa na mjukuu wake, mwana wa bintiye. Mchoraji aweza kukomea kwenye kumbatio. Msimulizi hana budi kufika mwisho, na mwisho huu ni kifo. Kwa hiyo malkia hubaki katili masikioni mwa wengi.

Hata hivyo, hukumu haijafungwa. Katika nchi ya Wasomali yapo marundo ya mawe yanayosadikiwa kuwa kaburi lake. Kwa desturi, mwanamume apitaye hulitupia jiwe, mwanamke huweka tawi bichi. Kisa ni kimoja, hukumu ni mbili.

Hitimisho

Mhakiki anayechunguza usawiri wa mwanamke asianze kwa kuuliza iwapo malkia ni mwema au mwovu. Aanze kwa kuuliza ni nani asimuliaye, na amekomea wapi.

Zoezi: Simulia upya kisa cha Araweelo kwa kauli ya bintiye. Ni tukio gani utakalolitanguliza, na kwa nini?