Shule ya Bweni na Saa za Msichana

Katika miaka ya 1940, katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri, kijana mmoja aliyekuwa akisoma alimwuliza mama yake swali fupi: kwa nini dada yake Wangari hakupelekwa shuleni kama watoto wengine wa nyumba ile? Mama alifikiri, akaona kwamba hapana sababu ya kumzuia. Shauri likakatwa, na mtoto yule, aliyekuwa na umri wa miaka minane, akaingia shule ya msingi ya Ihithe. Baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Wangari Maathai.

Swali lile laonekana dogo, lakini jibu lake lilikuwa zito. Mama aliyemruhusu binti yake kusoma alikuwa akitoa mikono miwili katika kazi za nyumba yake. Somo hili laeleza kile ambacho shule ya bweni ilimpa msichana wa siku zile, na kile ilichomtoza.

Saa za nyumbani

Mvulana aliporudi kutoka shuleni aliweza kupata nafasi ya kufungua kitabu kabla ya jua kutua. Msichana hakuwa na nafasi hiyo. Mto ulikuwa ukimngoja, na kuni, na mtoto wa kubeba mgongoni, na chungu mekoni. Alipomaliza kazi hizo usiku ulikuwa umekwisha ingia, na mafuta ya taa yalikuwa ghali. Tena, fedha za ada zilipokuwa chache, mzazi alimlipia mwana wa kiume kwanza, akisema kwamba binti ataolewa na kwenda kujenga nyumba ya watu wengine. Hivyo wasichana wengi wenye akili nzuri waliacha masomo kwa kukosa saa za kusoma.

Mwanzo wa shule ya Limuru

Masista wa Loreto hufuata kazi ya Mary Ward, mwanamke Mwingereza aliyeanzisha shirika lake katika mwaka wa 1609 ili wasichana wapate mafundisho. Tawi lao la Ireland lilianzishwa na Teresa Ball katika mwaka wa 1821, na miaka mia moja baadaye, yaani mwaka wa 1921, masista hao walifika Kenya. Katika mwaka wa 1936 walianza shule ya wasichana Waafrika huko Limuru, katika nchi ya mashamba ya chai, juu ya mita 2,000, ambako asubuhi huwa na baridi na ukungu. Mwaka wa 1948 misheni za Kiprotestanti nazo zilifungua shule yao ya sekondari ya wasichana huko Kikuyu. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1950, shule za namna hiyo katika nchi nzima zilikuwa za kuhesabika kwa vidole.

Njia ya kufika huko ilikuwa nyembamba. Mtoto alifanya mtihani mwishoni mwa darasa la nne, na wengi waliishia hapo. Aliyepita aliendelea mpaka darasa la nane, akafanya mtihani mwingine. Wangari alikwenda katika mwaka wa 1951 kwenye shule ya bweni ya Mtakatifu Sesilia, Misheni ya Mathari, Nyeri, chini ya masista wa Consolata kutoka Italia. Katika mwaka wa 1956 aliingia Loreto, Limuru.

Miaka hiyo ilikuwa ya taabu. Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na tangu mwaka wa 1954 watu wengi wa Nyeri walihamishwa kutoka mashamba yao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki. Mama yake Wangari alikaa katika kijiji cha namna hiyo. Ndani ya ua wa shule masomo yaliendelea, lakini kila msichana alijua kwamba siku ya likizo angerudi katika nyumba isiyokuwa na amani.

Siku ya bweni

Katika shule za bweni za Kikatoliki siku iliongozwa na kengele. Kengele ya kwanza ilipigwa alfajiri. Wasichana walitandika vitanda, wakanawa kwa maji baridi, wakaenda kanisani. Kisha walifagia, wakala uji, wakaingia darasani. Alasiri ilikuwa ya kushona, bustani na michezo. Jioni, baada ya chakula, ilikuja saa ya kusoma kwa ukimya, taa zikiwaka na kila mmoja akiwa na kitabu chake. Mwisho zilikuwa sala za usiku, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema neno.

Mtu aweza kudhani kwamba msichana alikwenda huko kupumzika. Sivyo. Alifanya kazi kila siku, lakini kazi ya bwenini iligawanywa kwa wengi, na ilikuwa na mwisho. Kengele ilipolia, fagio liliwekwa chini na kitabu kikachukuliwa.

Kazi yenyewe iliweza pia kuwa mafundisho. Huko Limuru mwalimu mmoja wa sayansi, Mama Teresia, alimwita Wangari amsaidie kuosha vyombo vya maabara baada ya masomo, huku wakizungumza. Mikono iliyozoea kuosha sufuria ilijifunza kushika vioo vya maabara, na msichana akaipenda sayansi.

Gharama yake

Si haki kusifu tu. Huko Mathari mwanafunzi aliyesikiwa akisema lugha nyingine isiyokuwa Kiingereza alivalishwa kifungo cha aibu, naye alimvizia mwenziwe ili ampe. Aliyebaki nacho jioni alipewa adhabu, kama kukata majani au kufagia. Katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka wa 2006, Wangari alieleza kwamba desturi hiyo iliwafundisha watoto kuidharau lugha yao na kujiona duni. Hadithi za jioni kando ya moto wa mama nazo ziliachwa nyumbani. Mti ulipata maji, lakini mizizi mingine ilikatwa.

Matunda

Wangari alimaliza Limuru katika mwaka wa 1959. Msichana aliyefika hapo alitazamiwa kuwa mwalimu au mwuguzi. Yeye alitaka kusoma zaidi. Katika mwaka wa 1960 alikuwa mmoja wa vijana kama 300 waliosafirishwa kwenda Marekani kwa msaada wa mfuko wa ukoo wa Kennedy, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Katika mwaka wa 1971 alipata shahada ya udaktari huko Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufanya hivyo.

Alipokuwa mdogo mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo mmoja, kwa maana ni mti wa Mungu. Aliporudi kutoka ng'ambo alikuta mti ule umekatwa na kijito kilichokuwa karibu nao kimekauka. Wanawake wa shamba walimwambia kwamba kuni na maji safi vimekuwa mbali. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba mjini Nairobi. Ilipofika mwaka wa 2004, alipopewa Nishani ya Nobel ya Amani, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Alifariki mwaka wa 2011. Saa alizopewa na mama mmoja zilirudishwa kwa akina mama wengi, kwa kuni zilizo karibu na mlango.

Si kila mzazi awezaye kulipa ada ya bweni. Lakini kila nyumba yaweza kuwa na saa yake ya ukimya: taa moja, meza moja, na kaka wa nyumba akichukua ndoo kwenda mtoni ili dada yake asome.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika nyumba yako, msichana hupata saa ngapi za kusoma kwa siku, na mvulana ngapi?
2. Mtoto aweza kujifunza lugha ya kigeni bila kuidharau ya kwao kwa njia gani?
3. Ni kazi gani za nyumbani ziwezazo kugawanywa upya kuanzia kesho?