Jua Haki Zako: Umenunua jahazi kuukuu, limezama kabla hujaliondoa. Hasara ya nani?

Tuseme wewe ni mkazi wa Chumbi. Korosho na ufuta vimekupa senti kidogo, na sasa unataka chombo cha kubebea mizigo kwenye mito ya delta ya Rufiji. Unasikia Kilwa Kivinje kuna jahazi kuukuu linauzwa. Unakwenda, unalipenda, mnakubaliana shilingi milioni sita. Unatoa nne hapo hapo, mbili utamalizia mwisho wa mwezi. Mnapeana mikono, kisha unatafuta pa kulala ukingoja maji ya alfajiri uanze safari ya nyumbani. Usiku ule ule, likiwa limetia nanga, jahazi linajaa maji na kuzama.

Je, unarudishiwa nne zako, au unadaiwa mbili zilizobaki?

Wengi watajibu kwamba hasara ni ya muuzaji, kwa kuwa hujamaliza kulipa wala hujaling'oa nanga. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema vingine.

Linakuwa lako lini?

Kanuni ya sheria hiyo ni kwamba hasara humfuata mwenye mali. Na mkiuziana kitu mahususi, kinachojulikana, kilicho tayari kukabidhiwa, bila sharti lolote, umiliki unahama pale pale mnapokubaliana. Kuchelewa kulipa au kukabidhiana hakubadilishi jambo. Kwa hiyo jahazi lililozama usiku ule lilikuwa lako, na mbili unadaiwa. Utapona tu kama mlipatana vingine, au ukithibitisha kwamba uzembe wa muuzaji ndio uliolizamisha.

Mambo hugeuka pale muuzaji anapokuwa amejifunga kufanya kazi fulani kwanza. Akikubali, kwa mfano, kulikalafati jahazi na kubadili foromali iliyopasuka kabla hujalichukua, umiliki hauhami mpaka kazi hiyo iishe nawe upewe taarifa kwamba imeisha. Likizama kabla ya hapo bila kosa la mtu, mapatano yanakufa na fedha zako zinarudi.

La nani hasa?

Majahazi ya zamani mengi yana wenyewe zaidi ya mmoja. Baba alilijenga, amefariki, na anayekuuzia ni mtoto wake mkubwa. Yeye ni mrithi, lakini dada zake na mama yao nao ni warithi. Hawezi kukuuzia mafungu yao bila idhini yao. Mwombe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kumteua msimamizi. Akikuambia "sisi hatuna ugomvi nyumbani", mjibu kwa adabu kwamba karatasi haigombani na mtu.

Kama chombo ni cha ubia, kila mbia atie saini. Uliza pia kama kimewekwa rehani kwa mkopo.

Hapa sheria inakulinda vizuri. Kila muuzaji, hata asipotamka, anahesabiwa kuwa amekuahidi kwamba ana haki ya kuuza. Mwenye mali halisi akijitokeza na kulichukua jahazi lake, unayo haki ya kumdai aliyekuuzia akurudishie fedha. Lakini kushinda kesi ni jambo moja, kumpata mdaiwa mwenye fedha ni jingine.

Likivuja, utamlaumu nani?

Sharti la ubora lisiloandikwa humbana muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mvuvi au mchukuzi anayeuza chombo chake mwenyewe si mfanyabiashara wa majahazi. Kwake, mnunuzi anatakiwa afumbue macho.

Afadhali basi umwonyeshe fundi kabla ya kutaja bei. Subiri bamvua, jahazi lipandishwe ufukweni maji yakijaa, na yakipwa likae juu ya mchanga, tumbo wazi. Mwambie fundi agonge mbao moja moja kwa mpini wa nyundo: mbao nzima hulia kavu, iliyooza hunyamaza. Achome kisu pale mataruma yanapokutana na mkuku. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ondoka, au shusha bei mpaka ifidie mbao mpya. Tazama na ngama: je, ina maji mengi mapya, na chombo kililala bila kufanya kazi?

Muuzaji aliyepaka rangi mpya kusudi afiche mbao iliyotobolewa na wadudu ni habari nyingine. Kuficha jambo unalolijua ni udanganyifu chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba. Lakini kunyamaza peke yake si lazima kuwe udanganyifu. Sheria hiyo hiyo inasema kama ungeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, kimya cha mwenzako hakitakuokoa. Kwa hiyo uliza, tena mbele ya mashahidi: "Limewahi kugonga mwamba? Lilikalafatiwa lini?" Jibu liingie kwenye maandishi.

Safari ya kurudi

Usipopatana vingine, chombo hukabidhiwa pale kilipo. Kukitoa Kilwa, kupita Songosongo hadi milango ya delta, ni juu yako. Wanaojua njia hungoja kusi iwasukume kaskazini. Kaskazi itakupiga usoni.

Usajili hauhami kwa kupeana mikono. Mwende wewe na muuzaji kwa ofisa wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, mkaulizie uhamisho wa umiliki na ukaguzi wa usalama kabla ya safari. Kama utalitumia kuvua, mwone pia ofisa uvuvi wa halmashauri: sehemu kubwa ya delta sasa iko wilaya ya Kibiti, si Rufiji, hivyo uliza uombe wapi. Ukinunua Nungwi au kwingineko Unguja, anza na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na ujue kwamba Zanzibar ina sheria zake za mikataba na mauzo.

Ukifika, usikimbilie kukata mkomafi au mlilana kwa ajili ya mataruma mapya. Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi, na kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa, hata kama babu yako alikata hapo hapo.

Mkigombana

Tunza kila kitu: mkataba, stakabadhi, picha, ujumbe wa simu na wa malipo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, rekodi za namna hiyo zinakubalika kuwa ushahidi. Dai la mkataba hudumu miaka 6 tangu haki yako ilipovunjwa. Kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Muulize ofisa maendeleo ya jamii aliye karibu nawe.

Muuzaji naye ana haki zake. Kabla hajakukabidhi jahazi, anaweza kulizuia mpaka umalize deni, ila kama mlikubaliana ulipe baadaye na siku hiyo haijafika. Akishakukabidhi, anakudai kwa njia ya sheria. Hana ruhusa ya kuja usiku kulivuta, ila kama mkataba unampa haki ya kulirudisha.

Sasa turudi Kivinje. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: majina, maelezo ya chombo na vifaa vyake, bei, kilicholipwa, saini za mashahidi. Ongeza mstari huu: "Jahazi litabaki mali ya muuzaji, na hasara yoyote itakuwa yake, hadi mnunuzi atakapolipokea kwa kutia saini hapa chini, na kuandika tarehe na saa." Mstari huo ukiwapo, usiku ule hasara ni ya muuzaji na nne zako zinarudi. Usipokuwapo, mwisho wa mwezi utapeleka milioni mbili kulipia jahazi lililo chini ya maji.