Jani la Zambarau Laficha Nini?

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa msaada wa klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, ana haki ya kuuliza: je, mti wenye majani ya zambarau huishi vipi?

Mfano mashuhuri ni wa fagusi, mti mkubwa wa misitu ya Ulaya ambao jina lake la kisayansi ni Fagus sylvatica. Kwa kawaida majani yake ni ya kijani. Hata hivyo, mara chache sana huota mche wenye majani ya zambarau. Miti ya namna hiyo ilitajwa katika maandishi mwaka 1680 huko Buch am Irchel, Uswisi. Wenyeji walisimulia kwamba ndugu waliuana mahali hapo, na damu yao ndiyo iliyoyatia majani wekundu.

Sayansi yatoa maelezo mengine. Badiliko katika jeni huufanya mti utengeneze kwa wingi rangi iitwayo anthosiani. Rangi hii huyeyuka katika maji, nayo hukaa katika vakuoli, yaani vifuko vya maji vilivyo ndani ya seli. Klorofili haiyeyuki katika maji. Makao yake ni kloroplasti. Kwa hiyo jani lina rangi zote mbili: ya zambarau imeifunika ya kijani, haikuiondoa. Kazi ya kutengeneza chakula huendelea. Tena, majani yaliyo kivulini, ndani ya matawi, huwa na ukijani zaidi, kwani anthosiani hutengenezwa zaidi penye mwanga mwingi.

Mbegu za mti huu hutoa miche ya zambarau na ya kijani pia. Ndiyo maana watunza bustani huuzalisha kwa kubebesha: kikonyo cha mti wa zambarau huungwa juu ya mche wa fagusi wa kawaida, nao mti mpya hurithi rangi bila kubadilika.

Anthosiani si ngeni kwetu. Wekundu wa majani machanga ya mwembe hutokana nayo, ila hufifia jani likomaapo.

Zoezi: Chuma jani la zambarau lililokomaa katika bustani ya shule. Lichemshe katika maji kwa dakika chache. Rangi gani imetoka? Ipi imebaki? Eleza kwa nini.