Dondoo muhimu: Skrini idumu penye vumbi, jua na mvua

Kabras, magharibi mwa Kenya, miwa hulipwa kwa tani. Skrini ya mizani ikipoteza kistari kimoja tu cha tarakimu, 8 husomeka 6 au 0. Iwe ni skrini ya mizani, ya trekta au ya simu ya bodaboda, zingatia haya:

• Vumbi na maji. Chagua iliyoandikwa IP65: 6 ni kinga kamili dhidi ya vumbi, 5 ni kustahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Kagua mpira wa ukingoni kabla ya masika. Ukipasuka, kinga imekwisha.

• Mwanga. Skrini nyingi za ofisini zina niti (kipimo cha mwangaza) 250 hadi 350. Juani tafuta 1,000 au zaidi.

• Ukungu. Nunua iliyojazwa gundi angavu kati ya kioo cha juu na paneli. Unyevu hukosa pa kutulia, na mng'ao wa jua hupungua.

• Joto. LCD ikigeuka nyeusi juani, ipeleke kivulini ipoe polepole. Mara nyingi hurudi. Usiimwagie maji.

• Radi. Weka kinga ya umeme unaopanda ghafla, na chomoa plagi mapema wingu likitanda.

• Usafi. Peperusha vumbi na masizi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Ukisugua pakavu, chembe hukwaruza kioo.

Mkulima, soma tarakimu mwenyewe kabla ya kupokea risiti. Zisipoonekana kamili, omba miwa ipimwe upya.